Viungio Kumi na Kimoja

Mimi nikikasirika sipigi kelele. Naongea polepole, neno moja moja, na wanaonijua huanza kutafuta mlango. Asubuhi ile kwenye banda la ndege walikuwepo wanne wanaonijua vizuri: baba, mama, kaka yangu na mke wake. Mlango ulikuwa mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama mbele yake.

Nitaeleza kuanzia mwanzo, maana nimechoka kusikia kisa hiki kikisimuliwa na wengine kana kwamba ni habari ya dada mwenye kisirani.

Kaka yangu anatengeneza miwani. Ana duka dogo lenye kioo kikubwa mbele, anakata lenzi, anakaza skrubu ambazo ukipiga chafya zinapotea. Lakini tangu utotoni anaitwa Rubani, kwa sababu akiwa na miaka minane aliruka kutoka juu ya paa la choo na mwavuli wa mama, akavunja mwavuli na mkono kwa mpigo mmoja. Tulidhani funzo limemwingia. Miaka sita iliyopita akaagiza ndege. Ndege kweli, ya watu wawili, ya kujiungia mwenyewe. Ilikuja vipande vipande ndani ya masanduku manne ya mbao, pamoja na kitabu kinene kuliko tofali. Aliiunga ndani ya ghala la mabomba la baba, nyuma ya nyumba, jioni na siku za mapumziko, mkia kwanza, kisha mwili, kisha mabawa, mpaka majirani wakaacha kucheka wakaanza kuuliza itaruka lini.

Baba ni fundi bomba. Mtaa mzima unamwita Mzee Haivuji, maana akimaliza kazi na mwenye nyumba akamuuliza imekuwaje, jibu lake ni lile lile: "Haivuji." Na kweli haivuji. Kuna nyumba alizozifungia mabomba kabla sijazaliwa, ukuta umepasuka, paa limebadilishwa mara mbili, na bomba halijatoa hata jasho. Mimi nilirithi kazi yake. Kaka alirithi ghala.

Nilianza kwa kumshikia tochi nikiwa na miaka kumi. Maneno "Shika taa vizuri" niliyasikia mara nyingi kuliko jina langu. Nilipofika kumi na mitano akanipa spana, akanifundisha na tepu: ile nyeupe, nyembamba, tunayozungushia meno ya bomba kabla ya kulifunga ili maji yasipate upenyo. Mizunguko mitatu na nusu, kufuata upande wa kukazia, kisha mwisho wake unaubana kwa ukucha wa kidole gumba. Kwa baba, kiungio kisicho na tepu kiko uchi, na uchi ni aibu. Nilijifunza mpaka watu wakasema mkono wangu na wake ni mmoja.

Halafu siku moja, nikiwa na miaka ishirini na minne, nilisahau spana kwa nesi mmoja niliyekuwa nimemfungia sinki. Nikaifuata kesho yake. Nesi akanipokea kwa tabasamu: "Baba yako ameshapita asubuhi, amekagua yote." Nikachungulia chini ya sinki. Kila kiungio nilichofunga kilikuwa kimefunguliwa na kufungwa upya. Nikaenda kwenye nyumba niliyoifanyia kazi wiki iliyopita. Alikuwa amepita. Nikaenda kwenye ile ya mwezi uliopita. Alikuwa amepita. Miaka mitano ya kwenda kwa wateja peke yangu nilijiona fundi, kumbe nilikuwa nafanya mazoezi tu, na kazi yenyewe anakuja kuifanya yeye nikishageuza mgongo. Nilipomuuliza, hakukana wala hakuona haya. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema, akaendelea kunywa chai yake.

Siku ile ile nilibeba sanduku langu la vifaa nikaondoka. Nina wateja wangu, nina kibao changu barabarani. Kwa miaka tisa tumesalimiana na baba, tumekula pamoja, nimempeleka hospitali goti lilipomvimba, lakini bomba likipasuka nyumbani kwao mimi sigusi. Afunge Haivuji.

Kwa hiyo mwaka huu, ndege ilipohamishiwa kwenye banda la kupanga kando ya uwanja mdogo, mabawa yameshafungwa, umebaki mfumo wa mafuta tu, kaka akanijia na kuniambia, "Mdogo wangu, mabomba ya mafuta ni yako," nilimpa sharti moja.

"Baba hatagusa."

"Hatagusa."

"Hata akiomba."

"Naapa. Ndege ni yangu, atakayekaa juu ni mimi. Kwani mimi mjinga?"

Swali hilo nalikumbuka vizuri sana.

Nilisoma sura ya mafuta mwezi mzima. Nilisoma kwenye foleni, nilisoma chungu kikiwa jikoni. Mafuta yanakaa kwenye matangi mawili, moja ndani ya kila bawa. Kutoka huko yanashuka kwa mabomba membamba ya alumini, unene wa kidole cha mwisho, mpaka kwenye vali iliyo kati ya viti. Yanapita kwenye chujio lenye kikombe chini yake, yanasukumwa na pampu, yanaingia kwenye kabureta. Njia nzima ina viungio kumi na kimoja vya kufunga kwa mkono. Na viungio hivyo havifungwi kama vya maji. Unautanua mdomo wa bomba uwe kama mdomo wa tarumbeta, unaukalisha juu ya koni ya chuma, kisha nati inabana, chuma kwa chuma, basi. Kinachoziba ni ule mdomo. Meno ya nati kazi yake ni kubana tu.

Kwenye ukurasa huo huo, ndani ya kisanduku, kwa herufi nene, waliandika: usitumie tepu. Nilicheka peke yangu, maana ni kama kumwambia mpishi asitie chumvi. Lakini sababu yake ilikuwa pale, na niliielewa mara moja. Kwenye maji, kipande cha tepu kikikatika kinatokea bombani, unakitoa, unaendelea kuosha vyombo. Kwenye petroli kinaelea mpaka kwenye chujio, na kikipenya hapo kinakwenda kukaa kwenye tundu la kabureta ambalo ni dogo kuliko tundu la sindano. Injini inakosa mafuta. Gari likizimika, unashuka unalisukuma. Ndege ikizimika juu ya mapaa ya watu utashuka pia, ila si kwa kupenda.

Niliharibu mabomba manne nikijifunza kuutanua ule mdomo. La tano likakubali. Nilifunga viungio vyote kwa wiki tatu, baada ya kazi zangu, nikiwa nimelala chali miguu ikining'inia nje ya mlango wa ndege. Nilijaza petroli, nikaiacha siku mbili, nikapitisha karatasi nyeupe chini ya kila nati, na karatasi ikatoka kavu. Mwisho, kama kitabu kinavyotaka, nilichora mstari wa rangi kutoka kwenye kila nati hadi kwenye kiungio chake, ili nati ikisogea hata kidogo mstari ukatike na uonekane. Wifi alinipa chupa yake ya rangi ya kucha, nyekundu iliyoiva mpaka inakaribia weusi, nami nikaimalizia yote pale. Mistari kumi na mmoja, myembamba. Mkaguzi wa ndege akaja siku ya Jumanne, akamulika kimoja kimoja, akasaini. Nilirudi nyumbani naimba. Wanangu walitoka nje kuangalia kuna nini.

Safari ya kwanza ikapangwa Jumamosi saa nne asubuhi.

Nilichelewa, nilikuwa nimeitwa shule moja ambako bomba kubwa lilipasuka usiku. Nilifika saa tatu na robo, buti zina tope. Mama alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha plastiki na mwavuli mpya mapajani, akasema safari hii hauazimishwi. Baba alivaa koti la harusi za watu. Wifi alikuwa na kamera. Kaka, ndani ya ovaroli mpya yenye mikunjo ya dukani, alikuwa anazunguka ndege na karatasi mkononi, anagusa hiki, anatikisa kile. Nje ya uzio, wenzake wa mtaa wa maduka walikuwa wamejipanga na watoto wao.

"Nipe dakika moja niangalie kazi yangu," nikamwambia.

"Haina haja," akasema haraka. "Tumeshachelewa."

Lakini aliyepika vizuri hurudi jikoni kuonja kilichobaki kwenye sufuria. Nilikuwa nimeshalala chali, tochi mdomoni, nikitafuta mistari yangu.

Mstari wa kwanza niliouona ulikuwa mwekundu wa pipi, mnono, umepakwa na mtu mwenye subira. Nikahamisha tochi. Wa pili vile vile. Nilihesabu vyote mara mbili. Saba vilikuwa na nyekundu mpya. Vinne tu, vile vya chini kabisa nyuma ya kiti, vilikuwa na rangi yangu.

Nilitoka nikasimama.

"Nani amegusa?"

"Amegusa nini?" kaka akauliza, na sauti yake ikanijibu kabla sijamjibu.

Nikamgeukia wifi. "Wifi, ile rangi yako ya kucha bado ipo?"

"Si uliimaliza? Jumatano Rubani alichukua ile chupa yangu nyingine, ile nyekundu ya..." Akamwangalia mumewe, akaishusha kamera.

Kaka akamwangalia baba. Baba akaangalia viatu vyake. Hapo ndipo nilipokwenda kusimama mlangoni.

"Ndege hairuki," nikasema.

"Usianze," kaka akasema. "Watu wamekuja. Jana injini imeunguruma dakika ishirini, haikukohoa hata mara moja."

"Iliunguruma ikiwa chini. Ikiwa chini hata kitanda ni salama."

Nilifunga vali, nikaweka beseni, nikafungua kikombe cha chujio. Petroli ilimwagika, harufu ikajaa banda zima. Nikageuza ule wavu mdogo kwenye mwanga. Ulikuwa umenasa uzi mweupe, urefu wa ukucha, na kando yake vipande viwili vidogo zaidi. Dakika ishirini za kuunguruma zilikuwa zimeshaleta hivyo. Nikachukua spana nikafungua nati ya karibu. Tepu ilikuwepo, imezungushwa mara tatu na nusu, mwisho wake umebanwa kwa ukucha, na ukingo umekatwa kwa wembe ili weupe usionekane nje.

Nimefunga tepu hiyo tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Sikuhitaji kuambiwa mkono ni wa nani.

"Hasira hasara, mwanangu," mama akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Hasara ni hii hapa, mama." Nikampelekea ule wavu mbele ya macho. "Huu uzi ungemshusha mwanao juu ya paa la mtu."

Mama aliushika mwavuli wake kwa mikono miwili.

Nikaenda kusimama mbele ya baba. Koti lake lilikuwa na harufu ya sanduku.

"Ulirudia tena," nikasema.

"Nilivikuta viko uchi." Hakupandisha sauti. "Kiungio kimoja, sawa, mtu anasahau. Vyote, mwanangu? Nilidhani tepu ilikuishia."

"Kitabu kinakataza tepu. Kimeandika kwa herufi nene."

"Kitabu hakijawahi kushika spana."

"Na wewe hujawahi kufunga ndege. Ukaona mistari yangu, ukaifuta, ukachora yako juu ili nisijue."

"Fundi anaacha mahali kama alivyopakuta," akasema, na nikaona anaamini anachosema. Hilo liliniuma kuliko uongo. Mwizi ukimkamata anajua kwamba ni mwizi. Huyu alinitazama kama mtu aliyefua shati langu akasubiri ahsante.

Nikamgeukia kaka. Kusema kweli nilikuwa tayari kumpunguzia. Baba akikuomba kitu kwa ile sauti yake ya chini, ni vigumu kumkatalia.

"Alikuomba ukashindwa kusema hapana," nikamwambia. "Sema hivyo nikuelewe."

Kaka akatazama nyuma yangu, kwa baba.

"Mimi sikuomba," baba akasema nyuma yangu. "Niliitwa. Alinifuata nyumbani Jumatano na gari."

Nje ya uzio mtoto wa mtu alikuwa anauliza mbona ndege haitoki.

"Nilishindwa kulala," kaka akasema. "Mkaguzi alipoondoka nilikaa humu peke yangu, nikawa navitazama. Chuma kitupu. Maisha yangu yote nimeona baba anazungushia kitu. Nikasema apitie tu, atie jicho lake, moyo utulie. Sikujua kama atafungua. Ni maisha yangu, mdogo wangu."

"Rangi ya kucha ulimletea ya nini kama hukujua?"

Akaikunja ile karatasi yake mara mbili.

"Sura ya mafuta uliisoma?"

"Nilikuachia wewe."

"Uliniachia mimi, halafu ukamwita asiyejua hata kama hicho kitabu kipo." Nilikuwa naongea polepole sana sasa. "Uliapa. Uliniuliza kwani wewe mjinga. Sikukujibu siku ile, nakujibu leo."

Wifi alianza kulia, na sikuwa na nafasi ya kumbembeleza. Nilitoka nje nikampigia mkaguzi simu. Aliposikia neno tepu alinikatiza: asipande mtu yeyote mpaka aione mwenyewe, na hawezi kuja kabla ya Alhamisi. Nikarudi nikawaambia. Kaka akaenda kwenye uzio kuwaeleza watu, na kutoka ndani nilimsikia akisema kuna marekebisho madogo. Madogo. Nilikaribia kumfuata na lile beseni.

Nilifanya kazi mpaka saa kumi na mbili jioni. Nilimwaga mafuta yote, nikafungua viungio vyote kumi na kimoja, pamoja na vile vinne, maana uzi hauna adabu, unakwenda popote mafuta yanapokwenda. Nilichokonoa tepu kwenye meno kwa sindano na mswaki mkuukuu, nikasukuma hewa kwenye kila bomba, nikafungua kabureta nikaosha tundu lake. Ndani ya kabureta nilikuta kipande kimoja. Kimoja kilitosha. Nilikitoa kwa kibano nikakiweka kwenye kipande cha karatasi, karatasi nikaiweka juu ya kiti cha rubani, na kaka aliporudi alikikuta pale. Alikaa kwenye sakafu ya saruji na ovaroli yake mpya, mgongo ukutani, akaendelea kukitazama.

"Nikushikie taa?" akauliza baadaye.

"Sihitaji taa."

Baba hakuondoka. Mama na wifi walirudi nyumbani na gari, yeye akabaki kwenye kile kiti cha plastiki, koti limekunjwa magotini. Kila nilipotupa tepu sakafuni aliiokota. Giza lilipokaribia nilimuona ameviringa zote zimekuwa kijidonge kimoja, anakizungusha kati ya vidole.

Katikati ya wiki nilivifunga vyote upya, chuma kwa chuma, nikachora mistari mipya; mkaguzi akaja Alhamisi. Aliniuliza maswali, akanifokea mimi kwa kuwa ndiye niliyekuwepo, akataka chujio lifunguliwe mbele yake baada ya injini kuunguruma dakika arobaini. Lilikuwa safi. Akasaini tena. Wiki nzima kaka alinipigia simu mara nane. Nilipokea moja, nikamwambia saa ya kuja mkaguzi, nikakata.

Jumamosi iliyofuata nje ya uzio hakukuwa na mtu. Kaka hakumwalika yeyote. Alipanda, akafunga mlango, akanitazama kupitia kioo kama anasubiri niseme kitu. Niliangalia chini ya ndege kama kuna tone, sikuona, nikampungia mkono aende.

Aliruka. Nimeambiwa ilikuwa ya kupendeza, mama alisimama akaangusha mwavuli, wifi alisahau kupiga picha. Mimi nilikuwa naangalia nyasi. Nililiacha sikio langu lifanye kazi. Injini inapokosa mafuta huwa inaanza kwa kusita, kama mtu aliyesahau jina, na mimi nilikuwa nasubiri huko kusita, dakika ya kwanza, ya pili, ya tano. Hasira haikuwa imeniisha hata kidogo, na bado nilikuwa naomba kimoyomoyo asinifie yule mjinga.

Baba akaja kusimama kando yangu.

"Vile vinne," akasema. "Ambavyo sikuvifikia."

"Vimefanya nini?"

"Ulipovifungua vilikuwa vinavuja?"

"Havikuwa vinavuja."

"Hata kidogo?"

"Baba, kwa nini hivyo vinne uliviacha?" Nilijua kosa langu hata kabla sijamaliza kuuliza. Nilitaka aseme aliviona vizuri, akaviamini.

"Goti," akasema. "Viko chini sana. Sikuweza kuinama."

Ndege ilikuwa inageuka mwisho wa uwanja, sauti yake ikapungua kidogo kwa ajili ya upepo, nikakaza ngumi mpaka iliporudi. Nikaona nikishauliza moja niulize yote.

"Zile nyumba. Miaka ile ulipokuwa unapita nyuma yangu. Ulikuta ngapi zinavuja?"

Baba aliifuata ndege kwa macho.

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja."

"Na bado uliendelea kwenda."

"Niliendelea kwenda," akasema, kwa sauti ya mtu anayeisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Miaka tisa nilidhani siku nikilipata jibu hilo nitapoa. Sikupoa. Angekuta hata sinki moja linadondoka ningemwelewa, ningesema baba alikuwa na sababu. Alifungua kazi nzima ya ujana wangu, akaikuta kavu, akaifunga upya, na kesho yake akatoka tena alfajiri na spana yake. Nilitaka kumwambia hayo yote. Maneno yaligoma kutoka hata moja moja.

Kaka alitua. Aliruka kidogo kwenye nyasi, akatulia, akazima. Mama na wifi wakamkimbilia. Mimi nilimshika baba kiwiko nikamwongoza mpaka kwenye ndege, nikafungua mlango wa upande wa pili, nikatandika koti langu la kazi chini. Alielewa. Nilimshikilia akashuka polepole, goti likalia, akatulia juu ya lile koti.

"Vyote," nikamwambia. "Kwa vidole."

Aliingiza mkono akavipapasa kimoja kimoja, akivitaja kwa namba chini ya pumzi. Vile vinne vya nyuma alivifikia akiwa amelaza shavu kwenye sakafu ya ndege. Alipomaliza alitoa mkono, akatazama vidole, akavinusa. Vilikuwa vikavu. Akavifuta kwenye suruali hata hivyo, kwa mazoea.

Kaka alikuja mbio, uso mzima umecheka, jasho linamtoka. Akatukuta pale, baba amepiga magoti, mimi nimesimama. Akauliza, na swali alimwelekezea baba.

"Vipi, mzee? Imekuwaje?"

Baba alifungua mdomo, na lile neno lake moja lilikuwa limeshafika ulimini, nililiona. Akalirudisha. Uso wake ukabadilika, ukawa mkali kwa mwanawe namna ambayo sijawahi kuuona.

"Unaniuliza mimi? Muulize aliyefunga."

Kaka akanigeukia. Nikachukua tambaa, nikaanza kufuta mikono yangu, kidole kimoja kimoja, nikamwacha asubiri.